Pengwini wa kona ya chini kulia

Mara ya mwisho niliandika juu ya bei za kontena na wengi mlilalamika kwamba nimewachosha na hesabu. Haya, leo naweka hesabu pembeni nawaletea historia. Ni historia ya kitu kidogo sana: ule ujumbe unaochomoza kwenye kona ya kompyuta, ukakaa sekunde chache, ukaondoka, na wewe unaendelea na kazi yako kana kwamba hakuna kilichotokea.

Aliyenichokoza ni mpwa wangu wa Morogoro. Ametengeneza programu ya kuuzia vipuri vya pikipiki na jamaa mmoja ameinunua. Tatizo lake ni hili: bidhaa ikikaribia kwisha stoo, programu inatoa kisanduku katikati ya kioo kinachosema mzigo umepungua. Hapo hapo kila kitu kinasimama. Muuzaji anaandika risiti, mteja ameshatoa hela, foleni imefika nje, lakini hawezi kuendelea mpaka abonyeze kitufe cha Sawa. Kwa siku anabonyeza mara arobaini. Kijana akaniuliza, "Mjomba, hao Wachina mnaoishi nao wanafanyaje?"

Swali zuri, maana jibu lake kwa kiasi kikubwa limepitia mkoa huu wa Guangdong. Ila nianze na ufundi wenyewe, na wasiopenda ufundi waruke aya mbili.

Programu yenye madirisha inafanya kazi kama muuza duka mmoja mwenye foleni. Ukibonyeza kipanya, hilo ni jambo moja kwenye foleni. Ukigusa kibodi, jambo jingine. Dirisha likihitaji kuchorwa upya, jambo la tatu. Anachukua moja, analimaliza, anachukua linalofuata. Sasa kuna madirisha ya aina mbili. La kwanza mimi naliita king'ang'anizi: likifunguka, dirisha mama linafungwa mikono, halipokei kipanya wala kibodi, na mstari wa programu unaofuata hausomwi mpaka mtu ajibu. La pili ni dirisha pole: programu inalifungua, inaliacha pale, inarudi kazini papo hapo. Kosa la mpwa wangu, kama la waandishi wengi wa programu wanaoanza, ni kutumia king'ang'anizi kwa sababu kinaandikwa kwa mstari mmoja tu. Dirisha pole lina kazi zaidi: unalitengeneza mwenyewe, unaliweka juu ya mengine bila kulipa haki ya kupokea kibodi, unalipa saa ya kuhesabu sekunde tano au sita, kisha linajifunga.

Na kama taarifa inatoka kwa msaidizi anayefanya kazi nyuma ya pazia, tuseme anayekagua stoo, huyo msaidizi asijaribu kuchora dirisha mwenyewe. Aandike kikaratasi akitie kwenye foleni ya muuza duka, na muuza duka ndiye achore. Wakichora wote wawili kwa pamoja programu inaweza kuanguka, na utatafuta sababu usiku kucha. Hilo nimemjibu kijana kwa kirefu kwa njia nyingine. Tuje kwenye historia.

Ugomvi na madirisha ving'ang'anizi ni wa zamani kuliko madirisha yenyewe. Miaka ya 1970 huko California, kwenye maabara ya Xerox, alikuwapo bwana mmoja akiitwa Larry Tesler. Huyu ni miongoni mwa waliotuletea kukata, kunakili na kubandika maandishi. Yeye alichukia hali yoyote ambayo kompyuta inamfungia mtu ndani, kwamba ukiwa humu huwezi kufanya lile. Alilichukia jambo hilo kiasi kwamba namba ya gari lake ilitangaza kuzikataa hali hizo. Alifariki Februari 2020. Ukibandika maandishi leo, mkumbuke.

Wakati huo huo, mashine za Unix za Chuo Kikuu cha Berkeley zilikuwa na programu ndogo iitwayo biff, iliyoanza kutumika mwaka 1980. Kazi yake ilikuwa kukuambia barua imefika huku ukiwa unafanya kazi nyingine: mistari michache ya barua inajiandika kwenye kioo chako, basi. Biff lilikuwa jina la mbwa wa mwanafunzi mmoja pale chuoni. Watu wakaeneza hadithi kwamba mbwa huyo alikuwa akimbwekea mleta barua, lakini mwandishi wa programu alikanusha. Hadithi tamu haifi kwa kukanushwa, na bado inasimuliwa. Ubaya wa biff ni kwamba mistari ile ilijiandika juu ya chochote ulichokuwa unakisoma. Haikusimamisha kazi, lakini ilikuchafulia meza.

Kwenye Windows mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wale mliosoma kompyuta kwenye vile vyuo vya ghorofani pale Kariakoo mtakumbuka Windows 3.1 ya mwaka 1992. Mle kulikuwa na aina ya kisanduku kikali kabisa: kikitokea, si programu yake tu iliyosimama, kompyuta nzima ilisubiri jibu lako. Tarehe 24 Agosti 1995 ikatoka Windows 95, nayo ikaleta ule mstari wa chini wenye kitufe cha kuanzia kushoto na saa kulia. Pembeni ya saa pakaachwa nafasi ndogo ya vijipicha. Sidhani kama waliojenga ile nafasi walijua wamejenga nini. Walikuwa wamejenga baraza ya nyumba: mahali ambapo mgeni anaweza kufika, akapiga hodi, akasubiri, bila kuingia sebuleni.

Wageni wakaja. Mwaka 1996 vijana wa Israeli wenye kampuni iitwayo Mirabilis walitoa ICQ, programu ya kutumiana ujumbe wa papo kwa papo. Kijiua kidogo kilikaa pale pembeni ya saa, na ujumbe ukifika kilianza kupepesa na sauti ikalia. Hukulazimika kuacha barua uliyokuwa unaandika. Mwaka 1998 kampuni ya AOL ya Marekani iliinunua Mirabilis kwa dola milioni 287, na nyongeza kama biashara ingekwenda vizuri. Watu duniani kote wakaona kumbe kengele ya pembeni ni mali.

Hapa ndipo Guangzhou inapoingia. Mwaka 1998 shirika la simu la hapa Guangzhou lilitangaza zabuni: lilitaka programu ya aina ya ICQ kwa ajili ya wateja wake wa Kichina. Miongoni mwa walioomba ilikuwa kampuni changa ya Shenzhen, mji ambao kwa treni ya kasi ya siku hizi unaufikia ndani ya saa moja. Kampuni hiyo ilianzishwa Novemba 1998 na Ma Huateng na wenzake wanne, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa mambo ya peja. Ikaitwa Tencent. Zabuni wakaikosa. Wakaamua kuitengeneza programu hiyo hata hivyo, kwa hela yao, na Februari 1999 wakaitoa kwa jina la OICQ.

Walioshinda zabuni leo hawazungumzwi. Tencent je? Nadhani hata bibi kule Tanga ameshasikia habari ya WeChat.

Kwa nini hawa waliokosa ndio waliofanikiwa? Sababu mbili zinanifurahisha kwa sababu zinafanana sana na maisha yetu ya nyumbani. Ya kwanza: Wachina wengi wa mwaka 1999 hawakuwa na kompyuta nyumbani. Walikwenda intaneti kafe, ambazo hapa huitwa wangba, walipie saa moja kama sisi tulivyokuwa tukilipia pale Posta. ICQ ilihifadhi majina ya marafiki zako ndani ya kompyuta uliyotumia. Kesho ukikaa mashine nyingine, huna rafiki hata mmoja. OICQ ikayahifadhi majina kwenye seva, kwa hiyo marafiki walikufuata popote ulipokaa. Ya pili: intaneti ilikuwa ya kusuasua, na OICQ ilikuwa ndogo, kilobaiti 220 hivi, wakati ICQ ilikuwa megabaiti kadhaa. Mtu aliyelipia saa moja hawezi kuimaliza yote akisubiri programu ipakuliwe.

AOL wakalalamika juu ya jina, kwamba OICQ ni ICQ yenye herufi moja mbele. Shauri la majina ya tovuti likaamuliwa mwaka 2000 na Tencent wakashindwa. Programu ikabadilishwa jina ikaitwa QQ, na alama yake ni pengwini mwenye skafu nyekundu. Kwa mnaopenda habari za Afrika: mwaka 2001 kampuni ya Naspers ya Afrika Kusini ilinunua hisa nyingi za Tencent, zikafikia asilimia 46.5, kwa takriban dola milioni 32. Kampuni iliyoanza na magazeti Cape Town ndiyo iliyovuna moja ya faida kubwa kabisa katika historia ya uwekezaji. Tunaposema Mwafrika hana lake China, tuwe tunakumbuka na hilo, ingawa faida yenyewe haikufika kwangu wala kwenu.

Sasa tumtazame pengwini akiwa kazini. Amekaa kona ya chini kulia, pembeni ya saa. Ujumbe ukifika, pengwini anageuka kuwa picha ya sura ya rafiki aliyekuandikia, na ile sura inakonyeza: inawaka, inazimika, inawaka, inazimika. Pamoja nayo sauti ya didi-didi kama ya peja. Kuna pia sauti ya kikohozi, kama mzee aliyefika mlangoni anajikoholesha kabla ya hodi. Dirisha halifunguki lenyewe. Usipobofya, sura inaendelea kukonyeza kwa upole hata saa nzima. Anayekutaka unamjua kwa sura kabla hujaamua kumjibu, na hicho kikohozi, jamani, ni adabu ya kwetu kabisa.

Kwa wafanyabiashara wa Kiafrika waliokuwa hapa miaka ile, sura ile ya kukonyeza ilikuwa riziki. Majengo ya Xiaobei, na lile la Tianxiu ambalo kila Mtanzania aliyefika Guangzhou amepanda lifti yake, yalijaa vioski vya wauzaji wenye kompyuta moja na QQ imewashwa kutwa. Kadi ya biashara ya Mchina ilikuwa na namba ya simu na namba ya QQ. Barua pepe wengi hawakuwa nayo, au walikuwa nayo hawaifungui. Mtu wa nguo alikuwa anapiga hesabu za oda ya mteja aliyesimama mbele yake, na papo hapo sura tatu zinakonyeza pembeni: kiwanda kinauliza rangi, wakala wa mizigo anauliza uzito, na mteja wa Kampala anauliza bei ya mwisho. Hesabu haikukatika. Fikiria kama kila mmoja angemrushia kisanduku king'ang'anizi usoni. Mkononi mwake pana kikokotoo na hela ya mtu. Wauzaji waliokuwa hawajui Kiingereza waliandika kwa QQ, mteja akapitisha maneno kwenye programu ya kutafsiri, akajibu, na bei ikapatikana. Biashara kubwa zimepita kwenye hiyo kona.

Huko kwa wakubwa wa Windows nao walikuwa wanajifunza. Zamani programu yoyote iliweza kuruka mbele ya zote na kunyakua kibodi. Unaandika barua huku unatazama karatasi mezani. Unainua macho, kumbe nusu ya sentensi imeandikwa ndani ya kisanduku kilichotokea, au mbaya zaidi, kidole kimegusa kitufe cha nafasi na umeshajibu Sawa kwa swali ambalo hukulisoma. Kuanzia Windows 98 na Windows 2000, Microsoft waliweka kizuizi: programu isiyo mbele ikijaribu kuruka, kitufe chake cha chini kinawaka-waka tu mpaka mwenyewe uamue. Windows 2000, iliyotoka Februari mwaka huo, ikaleta pia vile vipulizo vya manjano vinavyotoka kwenye vijipicha vya kona. MSN Messenger, iliyoanza Julai 1999, ikaleta kijidirisha kinachopanda taratibu kutoka chini na kushuka tena. Wenyewe wakakiita tosti, maana kinapanda kama mkate kwenye mashine ya kuchomea. Jina hilo lipo mpaka leo kwa waandishi wa programu.

Waliokwenda mbali kabisa ni watu wa Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini (naona Afrika Kusini leo imeamua kushiriki). Katika toleo la Aprili 2009 waliweka vipulizo visivyobofyeka kabisa. Ukipeleka kipanya juu yake, kipulizo kinafifia, na ukibofya, mbofyo unapita unafika kwenye dirisha lililo chini yake. Watu wengi walilalamika, wakataka angalau kitufe cha kufungia. Mimi naona wazo lilikuwa sahihi kwa taarifa ndogo, na halifai kwa ujumbe unaohitaji jibu. Ujumbe wa mteja nikiukosa kwa sababu nilikwenda kuchukua chai, siwezi kuula huo upole.

Na tusiwaonee ving'ang'anizi. Kuna maswali yanayostahili kusimamisha kazi. "Unataka kufuta mahesabu yote ya mwaka?" Hapo simama! Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilikuwa inafifisha kioo kizima kila programu ilipotaka ruhusa ya kubadili mambo ya ndani, makusudi kabisa, ili uone kwamba jambo ni zito. Ila walizidisha, ikawa inauliza kila wakati, na watu wakajifunza kubonyeza Ndiyo bila kusoma. Mlinzi anayesimamisha kila mtu getini mwishowe hasimamishi mtu.

Tatizo la kona ya baraza ni kwamba ikishajulikana ina wapita njia wengi, kila mtu anataka kuweka kibanda. Tarehe 5 Machi 2010 QQ ilifikisha watu milioni 100 waliounganika kwa wakati mmoja. Milioni mia moja wanatazama kona ile ile! Pamoja na ujumbe wa marafiki yakawa yanachomoza matangazo na madirisha ya habari. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, kampuni ya Qihoo 360, yenye programu ya kuzuia virusi, ikatoa kifaa kilichoingia ndani ya QQ na kuyakata matangazo hayo pamoja na mambo mengine. Tencent wakawaka. Pande zote mbili zikapigana kwa silaha ile ile: vijidirisha vya kuchomoza. Mtu anafanya kazi yake, kona inamwambia 360 ni wabaya. Dakika si nyingi, kona inamwambia QQ inakuchungulia.

Jioni ya Novemba 3, 2010, Tencent walitangaza kwamba QQ haitafanya kazi kwenye kompyuta yoyote yenye programu ya 360. Mtumiaji achague. Fikirieni mwenye kioski ambaye wateja wake wote wako upande mmoja na kinga yake dhidi ya virusi iko upande mwingine. Serikali ikaingilia kati ndani ya mwezi huo, zikaambiwa zipatane na ziombe radhi kwa wananchi. Kisha zikaenda mahakamani, na mahakama yenyewe ni Mahakama Kuu ya Mkoa wa Guangdong, hapa hapa Guangzhou. Aprili 2013 iliamua kwamba Qihoo walifanya ushindani usio wa haki, wakatakiwa kulipa yuani milioni 5, na Mahakama ya Juu ya Watu kule Beijing ikaunga mkono Februari 2014. Qihoo nao walikuwa wameshtaki kwamba Tencent wanatumia vibaya ukubwa wao sokoni, wakidai yuani milioni 150. Wakashindwa hapa Guangzhou Machi 2013, na rufaa yao ikashindwa Oktoba 2014.

Mimi si mwanasheria, lakini nina maoni. Mahakama ziliulizwa nani kamharibia nani biashara. Hakuna aliyeuliza kona ile ni ya nani. Mtu amenunua kompyuta kwa hela yake, umeme analipa yeye, macho ni yake. Swali hilo lilikuja kuguswa baadaye sana, na kwa amri ya serikali: kanuni za ujumbe wa kuchomoza, zilizoanza kutumika Septemba 30, 2022. Sasa tangazo likichomoza lazima liandikwe wazi kwamba ni tangazo, na lazima lifungike kwa mbofyo mmoja. Yale matangazo yenye alama ya kufungia ndogo kama tundu la sindano, au alama ya uongo ambayo ukiibofya ndiyo kwanza linafunguka, yamepigwa marufuku kisheria. Yameisha? Yamepungua.

Nisisahau mtu mmoja wa mji huu. Zhang Xiaolong, mzaliwa wa Hunan, alikuwa mfanyakazi wa kawaida hapa Guangzhou alipoandika peke yake Foxmail, programu ya barua pepe iliyopata watu wengi sana kuanzia mwaka 1997. Tencent waliinunua mwaka 2005 na kumpa kazi ya kuongoza ofisi yao ya hapa. Yeye na kikundi chake ndio waliotoa WeChat Januari 21, 2011, na ofisi zao zikawa kwenye kiwanda cha zamani cha mashine za nguo, wilaya ya Haizhu. Wafanyabiashara wetu wengi wamehamia huko, na kadi za biashara sasa zina picha ya msimbo wa kupiga kwa simu badala ya namba ya QQ. Lakini ukiifungua WeChat kwenye kompyuta, tazama kona ya chini kulia ujumbe ukifika. Kijipicha kinakonyeza vile vile, na hakuna kazi inayosimama.

MSN Messenger ilifungwa sehemu nyingi za dunia mwaka 2013, na hapa China ikadumu mpaka Oktoba 31, 2014. ICQ yenyewe, mama wa wote, ilizimwa Juni 26, 2024. Skype ikafuata Mei 2025. QQ bado ipo, na wazee wa viwandani ambao hawajahama bado wanakohoa pale pembeni ya saa.

Wasalaam, na wa Morogoro msalimieni mama.